Je, Wajua? Faini ya Krismasi, Jibini la Rais na Mtumwa Aliyefundisha Chanjo

Je, wajua kwamba kuna mahali ambapo Mkristo aliweza kutozwa faini kwa kusherehekea Krismasi, na waliomtoza walikuwa Wakristo wenzake, tena wacha Mungu kupindukia? Mahali penyewe ni Massachusetts, koloni la Waingereza katika pwani ya mashariki ya Marekani ya leo. Mwaka 1659 baraza la koloni lilipitisha sheria kwamba atakayeonekana akiadhimisha siku hiyo kwa kuacha kazi, kwa karamu au kwa namna nyingine yoyote atalipa shilingi 5. Wapuritani, ndio waliotawala pale, walikuwa wameitafuta tarehe ya kuzaliwa Yesu katika Biblia wasiione. Walichokuwa wamekiona huko kwao Uingereza kila Desemba ni ulevi, kamari na vijana wanaogonga milango ya watu kudai pombe. Basi Desemba 25 ikawa siku ya kazi kama nyingine. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1681 kwa shinikizo la London, na hata baada ya hapo wachungaji wengi wa Boston waliendelea kuinunia sikukuu hiyo kwa miaka mingi.

Vitabu vya shule husema watu hawa walivuka bahari kutafuta uhuru wa kuabudu. Ni kweli, ila ni nusu ya habari. Walitafuta uhuru wao wenyewe. Wa jirani hawakuupakia melini. Uhuru wa dini ambao Marekani inajivunia leo ulisukumwa zaidi na watu waliofukuzwa, waliofungwa na waliouzwa sokoni kuliko na wakubwa waliokuwa na mamlaka ya kuutoa. Hao waliosumbua ndio ninaotaka msomaji akutane nao hapa.

Mama aliyerudia kitanzi

Wakweka ni dhehebu lililozuka Uingereza katikati ya karne ya 17. Ni wale ambao kule Kaimosi, magharibi mwa Kenya, watu huwaita Friends tu; wamisionari wao kutoka Marekani walifika huko mwaka 1902, na leo Kenya ina Wakweka wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Wapuritani waliwaona kama moto uliotupwa kwenye paa la makuti. Wakweka hawakutaka mchungaji wa kulipwa, waliwaachia wanawake wahubiri, na mbele ya hakimu hawakuvua kofia. Massachusetts ikatunga sheria za kuwakata masikio na kuwatoboa ulimi kwa chuma cha moto. Wanaume watatu walikatwa sikio mwaka 1658. Mwaka huohuo adhabu ikapandishwa: Mkweka afukuzwe, na akirudi anyongwe.

Mary Dyer alirudi. Oktoba 27, 1659 alitembezwa kwenda kunyongwa pamoja na vijana wawili, William Robinson na Marmaduke Stephenson, huku ngoma zikipigwa ili watu wasisikie wanalosema. Vijana wakanyongwa mbele ya macho yake. Yeye akapandishwa ngazi, akafungwa miguu, akatiwa kitanzi, uso ukafunikwa kitambaa. Hapo ndipo aliposomewa msamaha. Watawala walikuwa wameshauamua siku kadhaa kabla. Walitaka tu aionje hofu. Wengine wangeshukuru na kwenda zao. Mary Dyer alirudi tena Boston Mei iliyofuata, na Juni 1, 1660 akanyongwa kweli.

Mwaka 1661 Mfalme Charles II aliandika barua kuamuru mauaji hayo yakome. Barua hiyo aliipeleka nani Boston? Samuel Shattuck, Mkweka wa Salem aliyekuwa amefukuzwa Massachusetts kwa tishio la kuuawa akirudi. Gavana John Endecott ilimbidi ampokee, maana alisimama pale kama mjumbe wa mfalme. Leo sanamu ya Mary Dyer iko mbele ya jengo la serikali ya jimbo, Boston.

Mtu aliyewapinga Wakweka bila kuwafunga

Roger Williams alifukuzwa Massachusetts mwaka 1635 kwa kusema mambo mawili ambayo hayakusameheka: kwamba serikali haina kazi katika dhamiri ya mtu, na kwamba mfalme wa Uingereza hakuwa na haki ya kugawa ardhi ya wenyeji ambayo si yake. Alitoroka Januari 1636 katika theluji, akahifadhiwa na wenyeji. Kwa wakuu wa kabila la Wanarragansett akapata ardhi, akaanzisha mji wa Providence, na mwaka 1643 akachapisha London kitabu cha kufundisha lugha yao. Koloni lake, Rhode Island, likawa kimbilio la kila aliyekataliwa kwingine: Wabaptisti, Wakweka, Wayahudi, na wasio na dini yoyote.

Ninachompendea Williams ni hiki: mafundisho ya Wakweka hakuyapenda hata kidogo. Mwaka 1672, akiwa mzee wa karibu miaka 70, alipiga makasia siku nzima hadi Newport kwenda kufanya nao mdahalo, akabishana nao kwa siku kadhaa, kisha akaandika kitabu kizima cha kuwaponda. Lakini hakuwafunga wala kuwafukuza. Hata hivyo tusimpambe kupita kiasi yeye wala koloni lake. Karne iliyofuata, bandari hiyohiyo ya Newport ilitajirika kwa merikebu za kusafirisha watumwa kutoka Afrika.

Je, wajua Biblia ya kwanza kuchapwa Marekani ilikuwa ya lugha gani? Si Kiingereza. Ilikuwa ya Kiwampanoag, lugha ya wenyeji wa Massachusetts, iliyotafsiriwa na mchungaji John Eliot kwa msaada wa wenyeji, ikakamilika kuchapwa Cambridge mwaka 1663. Mmoja wa waliopanga herufi zake alikuwa kijana wa kabila la Nipmuc aliyeitwa Wowaus. Waingereza walimpa jina la James Printer kwa kazi yake ya uchapaji. Biblia kamili ya Kiingereza haikuchapwa Marekani hadi mwaka 1782, kwa sababu haki ya kuichapa ilikuwa ya wachapaji wa mfalme huko Uingereza.

Miaka 12 baada ya Biblia hiyo kutoka, vita vilizuka kati ya walowezi na wenyeji. Wenyeji waliokwisha kubatizwa, waliokuwa wakiisoma Biblia ya Eliot vijijini mwao, walikusanywa na kutupwa katika kisiwa cha Deer, bandarini Boston, wakati wa baridi kali. Wengi walikufa kwa njaa na baridi. Lugha yenyewe baadaye ilikoma kuzungumzwa kwa zaidi ya karne moja. Kuanzia mwaka 1993, Jessie Little Doe Baird, mwanamke wa Kiwampanoag, aliongoza juhudi za kuifufua, na Biblia ile ya mwaka 1663 ikawa mojawapo ya nyaraka kuu alizozitegemea. Kuna tena watoto wanaoizungumza.

Salem, mji wa wachawi na wa merikani

Katika kesi maarufu za uchawi za Salem, mwaka 1692, hakuna hata mtu mmoja aliyechomwa moto. Sheria ya Kiingereza iliuhesabu uchawi kuwa kosa la jinai, na adhabu yake ilikuwa kunyongwa. Walinyongwa watu 19, wanawake 14 na wanaume 5. Giles Corey, mkulima mzee, alikataa kujibu shtaka, akalazwa chini na kurundikiwa mawe mazito juu yake hadi akakata roho. Cha kushangaza ni kwamba waliokiri uchawi walibakizwa hai na waliokana ndio waliopelekwa kitanzini. Tituba, mtumwa wa mchungaji wa kijiji, alikuwa wa kwanza kukiri, na alinusurika.

Kati ya mahakimu wa kesi zile, mmoja tu aliomba radhi hadharani. Januari 1697, siku ya kufunga na kuomba, Samuel Sewall alimpa mchungaji wake karatasi, kisha akasimama mbele ya waumini wote wakati kukiri kwake kukisomwa. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1700, alichapisha kijitabu cha kupinga utumwa, cha kwanza cha aina yake kuchapwa Massachusetts. Sidhani ni bahati tu kwamba aliyeweza kusema "nilikosea" ndiye pia aliyeuona ubaya ambao wenzake waliuzoea.

Na Salem si mgeni kwa Waswahili. Katika karne ya 19 merikebu za mji huo ndizo zilizotawala biashara ya Marekani na Unguja. Balozi mdogo wa kwanza wa Marekani kisiwani, Richard Waters, aliyeanza kazi mwaka 1837, alitoka Salem. Vitambaa vya merikani vilivyovaliwa kutoka pwani hadi Tabora na Ujiji vingi vilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, na sandarusi ya Mrima ilipelekwa Salem kusafishwa.

Onesimus na ndui ya Boston

Mwaka 1706 waumini wa kanisa moja la Boston walichanga fedha wakamnunulia mchungaji wao, Cotton Mather, mtumwa Mwafrika. Mather akampa jina la Onesimus, la yule mtumwa wa kwenye Biblia. Siku moja alimuuliza kama amewahi kuugua ndui. Onesimus akajibu: ndiyo na hapana. Akamwonyesha kovu mkononi, akamweleza kwamba kwao huchukuliwa usaha wa mgonjwa wa ndui ukatiwa katika mkwaruzo wa ngozi ya mtu mzima wa afya. Huumwa kidogo, kisha ndui haimgusi tena maisha yake yote. Mather, kwa sifa yake, hakudharau. Aliwauliza Waafrika wengine mjini, akasikia habari ileile, akasoma pia taarifa kutoka Uturuki, na mwaka 1716 akaiandikia Jumuiya ya Kifalme ya wanasayansi huko London.

Ndui ilipoingia Boston kwa merikebu mwaka 1721, Mather aliwasihi madaktari wajaribu. Alikubali mmoja tu, Zabdiel Boylston. Juni 26 alimchanja mwanawe wa miaka 6, pamoja na mtumwa wake mtu mzima na mtoto mdogo wa kitumwa. Mtoto wa daktari hakuulizwa, na watumwa ndio kabisa. Wote watatu walipona.

Mji ukawaka. Kuna waliosema kuchanja ni kumwingilia Mungu kazi yake. William Douglass, daktari pekee mjini mwenye shahada ya udaktari, alikuwa na hoja nyingine: vipi watu wenye akili zao wategemee maneno ya Waafrika? Gazeti la James Franklin liliwadhihaki wachanjaji kila wiki, na mwanagenzi mmoja katika kiwanda chake cha chapa alikuwa mdogo wake mwenye umri wa miaka 15, Benjamin. Novemba mtu alitupa bomu dirishani nyumbani kwa Mather, likaanguka bila kulipuka.

Kisha wakahesabu. Waliougua ndui kwa njia ya kawaida walikuwa karibu 6,000, wakafa 844. Mmoja katika kila saba. Boylston alichanja watu wapatao 240, wakafa 6. Mmoja katika kila arobaini. Ilikuwa mojawapo ya mara za kwanza duniani watu kupima tiba kwa kulinganisha hesabu za vifo. Benjamin Franklin alimpoteza mwanawe wa miaka 4 kwa ndui mwaka 1736 bila kumchanja, akajutia jambo hilo maisha yake yote. Mwaka 1777, vita vya uhuru vikiwa vimepamba moto, George Washington aliamuru jeshi zima lichanjwe. Onesimus mwenyewe alijinunulia uhuru, tena nusu uhuru: alimtafutia Mather mtumwa mwingine wa kushika nafasi yake, na bado alitakiwa kuitika akiitwa kazini.

Hafidhi katika mashamba ya tumbaku

Katika makoloni ya kusini swali la dini na utumwa lilijibiwa kwa sheria. Mwaka 1656 mwanamke aitwaye Elizabeth Key, mama yake Mwafrika na baba yake Mwingereza, alishinda kesi ya uhuru wake huko Virginia, na moja ya hoja zake ilikuwa kwamba amebatizwa. Wenye mashamba walishtuka. Mwaka 1667 baraza la Virginia likatamka kwamba ubatizo haumtoi mtumwa utumwani. Mlango huo ukafungwa.

Lakini wengi waliofikishwa huko hawakuhitaji kufundishwa habari za Mungu. Ayuba Suleiman Diallo alikuwa mtoto wa imamu kutoka Bundu, katika eneo ambalo leo ni Senegal. Mwaka 1730 baba yake alimtuma mto Gambia kuuza watu wawili na kununua karatasi. Ndiyo, kuuza watu. Nahodha Mwingereza hakuafikiana naye bei, Ayuba akawauza kwingine. Njiani kurudi naye akatekwa, akanyolewa ndevu na nywele ili aonekane mateka wa vita, akauzwa kwa nahodha yuleyule. Akajikuta Maryland, shambani, akilima tumbaku.

Kazi hiyo hakuiweza, akapewa kuchunga ng'ombe. Alikuwa akijitenga msituni kusali, na mtoto mmoja wa Kizungu alizoea kumfuata, kumdhihaki na kumrushia taka usoni akiwa kwenye sala. Ayuba akatoroka, akakamatwa, akatiwa jela. Ni pale jelani ambapo Thomas Bluett, mmoja wa waliokwenda kumtazama, alitambua kuwa mtu huyu ana elimu: alikataa divai, aliandika kwa Kiarabu, akalitaja jina la Mwenyezi Mungu na la Mtume. Barua aliyomwandikia baba yake haikufika Bundu. Iliangukia London mikononi mwa James Oglethorpe, mkubwa katika kampuni ya biashara ya watumwa, ambaye aliipeleka Oxford itafsiriwe. Oglethorpe akaweka dhamana ya kumnunua.

Mwaka 1733 Ayuba alifika London. Akaandika nakala tatu za Qur'ani nzima kwa kichwa, bila kuangalia popote, akamsaidia mwanasayansi Hans Sloane kusoma maandishi ya Kiarabu, akachorwa picha akiwa na kanzu, kilemba na msahafu shingoni. Mwaka 1734 akarudi Afrika, jambo ambalo karibu hakuna mtumwa aliyelipata. Alikuta baba yake ameshafariki dunia.

Oglethorpe huyo ndiye mwanzilishi wa koloni la Georgia, lililopiga marufuku utumwa mwaka 1735. Je, wajua ni nani aliyepiga kampeni marufuku hiyo iondolewe? George Whitefield, mhubiri aliyependwa kuliko wote katika karne ile. Alitaka watumwa wa kulima shamba la kituo chake cha yatima. Mwaka 1751 utumwa ukawa halali Georgia, naye akawanunua.

Whitefield alikuwa na sauti ya ajabu. Alipohubiri kwenye ngazi za mahakama, katikati ya mji wa Philadelphia, Benjamin Franklin, ambaye dini haikumsumbua sana, alirudi nyuma hatua kwa hatua hadi karibu na mto ili aone sauti inaishia wapi, akapiga hesabu kwamba watu zaidi ya 30,000 wangeweza kumsikia. Mara nyingine alikwenda kumsikiliza akiwa ameapa kutotoa hata senti. Mhubiri alipoendelea, akaamua atoe sarafu za shaba. Kidogo akaona haya, akaamua atoe na za fedha. Mwisho mfuko wote ukaingia kwenye sahani, dhahabu na vyote. Kisa hiki amekisimulia mwenyewe.

Kitabu kilichotoka damu

Benjamin Lay alikuwa Mkweka, kimo chake kama futi nne, mwenye kibyongo. Aliishi katika pango karibu na Philadelphia, akajifumia nguo zake, hakula nyama wala kutumia sukari, kwa sababu sukari ilitoka kwenye mashamba ya watumwa. Siku hizo Wakweka matajiri walikuwa na watumwa kama watu wengine, na Lay hakuwapa usingizi. Siku moja ya theluji alisimama nje ya mkutano wao na mguu mmoja mtupu. Waliomwonea huruma aliwajibu kwamba mbona hawawaonei huruma watumwa wao wanaoshinda mashambani wakiwa nusu uchi.

Mwaka 1738 Wakweka walipokutana kwa mkutano wao wa mwaka huko Burlington, aliingia amevaa joho. Ndani alificha vazi la kijeshi, upanga, na kitabu alichokichonga katikati akapachika kibofu kilichojaa maji mekundu ya matunda ya porini. Zamu yake ilipofika alivua joho (kumbuka Wakweka hawabebi silaha), akatangaza kwamba Mungu atamwaga damu ya wanaowafanya wenzao watumwa, akakichoma kitabu kwa upanga. Maji mekundu yakawarukia waliokaa karibu. Akatolewa nje, na ushirika ukawa umemkana. Kitabu chake cha kupinga utumwa kilichapwa na Franklin, ambaye hakuliweka jina lake mwenyewe kwenye jalada; Franklin naye alikuwa na watumwa. Mwaka 1758, Lay akiwa mgonjwa na mzee, mkutano wa Philadelphia hatimaye uliamua kuwachukulia hatua Wakweka wanaonunua na kuuza watu. Alifariki mwaka uliofuata.

Je, wajua kwamba kuna mchungaji aliyelaumu vifaa vya kukinga radi kwa tetemeko la ardhi? Novemba 18, 1755 Boston ilitikiswa, mabomba ya moshi yakaanguka. Mchungaji Thomas Prince akaandika kwamba vyuma vya bwana Franklin vinavutia umeme na kuuingiza ardhini, na kwa kuwa Boston ina vyuma vingi, ndiyo maana ikatikisika zaidi. John Winthrop, profesa wa Harvard, akamjibu kwa maandishi.

Na Mei 19, 1780 giza liliifunika New England, yaani Massachusetts na majirani zake, mchana kweupe. Kuku walirudi bandani, watu wakawasha mishumaa saa sita, wengi wakaamini Kiama kimefika. Wanasayansi leo wanaamini ulikuwa moshi wa misitu iliyoungua upande wa Kanada, uliochanganyika na mawingu mazito. Huko Connecticut wajumbe wa baraza walitaka kuahirisha kikao. Mjumbe Abraham Davenport akakataa: kama si Kiama, hakuna sababu ya kuahirisha, na kama ndicho, yeye anapenda akutwe kazini. Akaagiza mishumaa iletwe.

Mwaka huohuo Massachusetts ilipata katiba yake, yenye tamko kwamba watu wote wamezaliwa huru na sawa. Mtumwa mmoja asiyejua kusoma, Mama Bett wa mji wa Sheffield, alilisikia likizungumzwa, akaenda kwa wakili Theodore Sedgwick kumuuliza kama yeye si mtu. Agosti 1781 baraza la wazee wa mahakama lilimpa uhuru pamoja na shilingi 30 za fidia. Akajichagulia jina: Elizabeth Freeman.

Sanamu ya Papa, Qur'ani na jibini

Kila Novemba 5 Waprotestanti wa Boston walikuwa na desturi ya kuchoma sanamu ya Papa. Mwaka 1775 Washington aliwapiga marufuku askari wake. Sababu ilikuwa ya kivita: jeshi lilikuwa likiwania kuwavuta Wakatoliki wa Kanada upande wake. Siasa ilitenda kwa siku moja jambo ambalo mahubiri yalishindwa kwa karne nzima.

Thomas Jefferson alinunua tafsiri ya Qur'ani mwaka 1765 akiwa mwanafunzi wa sheria, miaka 11 kabla ya kuandika Tamko la Uhuru. Nakala hiyo bado ipo katika Maktaba ya Bunge, na mwaka 2007 Keith Ellison, Mwislamu wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la Marekani, aliitumia katika hafla ya kiapo chake. Sheria ya uhuru wa dini ya Virginia, aliyoitunga Jefferson na kupitishwa mwaka 1786, ilikusudiwa, kwa maelezo yake mwenyewe, kumlinda Myahudi, Mkristo, Mwislamu, Mhindu na asiyeamini. Uzeeni alichukua kisu, akakata kutoka Injili mafundisho ya Yesu, akayabandika kwenye daftari na kuiacha nje miujiza karibu yote. Kitabu hicho aliwaficha watu. Na mamia ya watumwa aliokuwa nao maishani mwake, isipokuwa wachache, hawakuonja uhuru ule alioutungia sheria.

Wabaptisti walimpenda, maana Virginia kabla ya mapinduzi ilikuwa ikiwatupa wahubiri wao jela. Januari 1, 1802 mchungaji John Leland wa Kibaptisti alimfikishia Rais Jefferson jibini lenye uzito wa ratili 1,235, karibu kilo 560, lililotengenezwa na wanakijiji wa Cheshire, Massachusetts, kwenye shinikizo la kukamulia tufaha. Walijigamba kwamba hakuna maziwa ya ng'ombe wa chama pinzani yaliyotiwa ndani yake. Jefferson, ambaye hakupokea zawadi, alimpa Leland dola 200. Siku hiyohiyo aliwaandikia Wabaptisti wa Danbury barua yenye maneno maarufu ya ukuta kati ya kanisa na serikali. Siku mbili baadaye alikwenda kumsikiliza Leland akihubiri, ndani ya ukumbi wa Bunge.

Marekebisho ya kwanza ya katiba, yaliyoanza kutumika mwaka 1791, yalilizuia Bunge la taifa tu kuanzisha dini ya serikali. Majimbo yaliendelea na mambo yao. Massachusetts ilifuta kodi ya kuwalipa wachungaji mwezi Novemba mwaka 1833, ikiwa ya mwisho. Miezi miwili kabla, Septemba 21, Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, alikuwa ametia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said huko Maskati. Yaani Marekani ilitia saini mkataba na Sultani Mwislamu wa Omani na Unguja kabla Massachusetts haijaacha kumtoza raia wake kodi ya kanisa.